Do Aliyoitoa Baba

Alisema atakuja saa kumi alasiri. Ilipofika saa tisa na nusu nilikuwa nimeshaifuta piano vumbi mara tatu, na mara ya tatu hapakuwa na vumbi.

Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi asubuhi alikuwa anasafiri kwenda kufundisha piano kwenye chuo cha mbali, mkataba wa miaka miwili, na kabla ya kuondoka alitaka kitu kimoja tu kutoka kwa baba yangu: ridhaa. Akiipata, ningesafiri naye, nifikie kwa dada yake mpaka siku ya ndoa, na Shangazi angenisindikiza. Sanduku la Shangazi lilikuwa limefungwa tangu Jumatatu. Akiikosa, angeondoka peke yake, nami ningebaki kwenye ukumbi wa shule, mstari wa mbele, nikianzisha wimbo uleule niliouanzisha kwa miaka minne.

Naiandika siku ile ilivyokuwa kwa sababu wanaume wawili walioijaza hawapo tena, na sina wa kumuuliza kama nakumbuka sawasawa.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alipostaafu, watoto wa shule waliondoka lakini kwaya ikabaki. Kila mtu, hata Shangazi aliyemzidi umri, alimwita Mwalimu. Alikataa kumpokea mgeni wangu nyumbani.

"Anayejidai kuwa mpiga piano aje nimsikie kwenye piano," alisema. "Sebuleni kila mtu anaongea vizuri."

Kwa hiyo tulikuwa ukumbini. Baba kwenye kiti chake cha mbao karibu na dirisha, mimi kando ya piano, Shangazi kwenye benchi la ukutani na mkoba wake mapajani.

"Mimi sijui muziki," Shangazi alitangaza. "Nimekuja kuangalia viatu. Mwanamume atadanganya kila kitu, viatu vitamchongea."

"Dada, tafadhali."

"Nimenyamaza, Mwalimu. Sitasema neno."

Wanakwaya walimpa mgeni wangu jina la Mistari, na lilimganda siku ya kwanza tu aliyoingia ukumbini. Alikuwa ameletwa kuitengeneza piano ambayo panya walikuwa wamejenga ndani yake. Alipomaliza kutoa viota, alitaka kuijaribu, akaomba nota za wimbo wowote. Nilimpa karatasi yangu ya sol-fa, nota zilizoandikwa kwa herufi za do, re, mi. Aliigeuza huku na huku, akaisogeza kwenye mwanga.

"Hii ni barua au ni hesabu?" aliuliza.

Kwaya nzima ilicheka. "Kwani wewe umezoea nini?" akauliza mmoja wa besi.

"Mimi nimezoea mistari."

Basi, ikawa Mistari. Hakukasirika. Aliinama akaendelea kukaza nyuzi, lakini niliona masikio yake yanatikisika kwa kicheko alichokuwa anakizuia, na sijui kwa nini kitu kidogo hivyo kilinifuata hadi nyumbani.

Kazi ya piano ilipaswa kuchukua siku mbili. Ilichukua wiki sita. Kila alasiri alipochoka kukaza nyuzi alikuja kwenye stoo ya shule nilipokuwa nikipiga chapa nyimbo za kwaya. Aliketi kwenye boksi la chaki akitazama vidole vyangu.

"Hizi nukta mbili mbili ni za nini?"

"Zinagawa mapigo. Pigo hili, pigo lile. Kistari kinasema shikilia, usiachie."

"Na hii herufi d?"

"Do."

"Do ipi? Kwenye piano yangu kila kitufe kina jina lake."

"Do ni pale Mwalimu anapoanzia."

"Akiamka na mafua je?"

"Basi siku hiyo tuna mafua wote."

Alicheka mpaka boksi la chaki likabonyea chini yake. Kisha akaniomba karatasi, akachora mistari mitano kwa rula na kalamu ya wino, akaanza kuupandisha wimbo wangu juu ya mistari ile, nota moja baada ya nyingine, kama mtu anayeanika nguo za mtoto mchanga. Mimi kwa saa moja nilitoa nakala nne kwa karatasi za kaboni, sauti zote nne zimesimama wima, hakuna iliyomkanyaga mwenzake. Yeye kwa saa ileile alikuwa bado kwenye mstari wa pili.

"Kwa mwendo huo," nikamwambia, "kwaya ingeuimba kwenye mazishi ya mjukuu wako."

"Kweli. Lakini nikishaiandika nota hapa, iko hapa. Mtu akiifungua mwisho wa dunia ataikuta palepale nilipoiacha." Alipuliza wino ukauke. "Nota zako zinamjua jirani yao. Zangu zinajua anwani."

Siku nyingine alikuja na mfuko wa karatasi alizookota katika kazi yake, maana alikuwa ameingia kwenye nyumba za watu wengi. Moja ilikuwa ya mpiga gitaa: mistari sita badala ya mitano, na kila mstari ni uzi, na juu ya nyuzi kuna namba.

"Huyu hataki kujua nota inaitwaje," alisema. "Anataka kujua kidole kiende wapi, basi."

Nyingine ilikuwa namba tupu, moja hadi saba, zilizoandikwa kwa penseli nyuma ya kalenda. Hizo nilizisoma hapohapo, kwa kuwa zilikuwa ndugu wa sol-fa yangu, ila zimevaa nguo nyingine. Ya mwisho ilikuwa karatasi nene isiyo na wino, imejaa vinundu vidogo.

"Hii ni ya mwalimu wangu wa piano. Alikuwa haoni."

"Aliisomaje?"

"Kwa mkono wa kushoto, huku wa kulia unapiga. Halafu anabadilisha. Mikono yote miwili ikitaka kupiga hakuna wa kusoma, kwa hiyo alisoma kipande kidogo, akakiweka moyoni, akaenda kingine. Hakuna wimbo alioupiga ambao hakuwa ameuweka moyoni kwanza."

Alikishika kidole changu akakipitisha juu ya vile vinundu. Sikuelewa hata kimoja. Nilichoelewa ni kwamba hakuwa na haraka ya kuuondoa mkono wake, na mimi sikuwa na haraka ya kumkumbusha.

"Kwa nini watu hawakukubaliana waandike kwa namna moja?" niliuliza, ili niseme kitu.

"Labda kila mmoja aliandika kile alichohofia kitampotea. Mpiga gitaa anahofia vidole. Sisi wa mistari tunahofia mahali."

"Na sisi wa sol-fa?"

Alifikiri kidogo. "Kupotezana," akasema.

Hapo ndipo nilipojua. Sikumwambia siku hiyo, lakini nilijua.

Alhamisi ile alifika saa kumi kasoro dakika mbili, shati jeupe, na bahasha kubwa ya kahawia kifuani.

"Shikamoo, Mwalimu. Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba," baba akajibu. Shangazi alikuwa ameshainamia viatu.

"Vimepigwa rangi," akatoa ripoti. "Ila kamba ni za rangi mbili."

"Moja imekatika njiani, Shangazi. Nimeazima ya fundi viatu."

"Angalau amesema kweli. Endeleeni."

Baba alimwonyesha kiti. Mistari hakukaa mpaka baba alipomwonyesha mara ya pili.

"Kijana, binti yangu anasema umejifunza sol-fa."

"Nasoma polepole, Mwalimu. Kama mtoto wa darasa la pili."

"Nimefundisha darasa la pili miaka ishirini na tisa. Hawasomi polepole."

"Basi darasa la kwanza."

Niliona mdomo wa baba ukitaka kutabasamu, akaukatalia.

"Nikwambie kitu," baba akasema. "Kwenye ukumbi huu nimefundisha watu zaidi ya mia mbili kuimba sauti nne. Wengine walikuwa hawajui kuandika majina yao. Nilichora ngazi ubaoni, do chini, do juu, nikaonyesha kwa fimbo, na kwa wiki tatu waliimba. Mistari yako ingewachukua miaka mingapi?"

"Mingi, Mwalimu. Mistari haikutengenezwa kwa ajili ya watu mia mbili wasio na chombo. Ilitengenezwa kwa vidole kumi vya mtu mmoja aliye peke yake."

"Jibu hilo nimelipenda," Shangazi akasema.

"Dada, hujaulizwa."

"Kwani nimejibu? Nimependa tu."

Mistari alifungua bahasha. Ndani mlikuwa na kurasa nne za nota za wino, zimeshonwa pembeni kwa uzi mweupe. Niliijua kazi iliyokuwa mle. Kwa mwendo wake, ilikuwa kazi ya jioni nyingi.

"Mwalimu, sikutaka kuja na maneno matupu," alisema. "Nimeuandika wimbo wako. Ule wa mlango. Nataka huko ninakokwenda wanafunzi wangu waupige, wajue ni wa nani."

Wimbo wa mlango baba aliutunga mwaka aliomwoa mama. Unaanza kwa sauti moja tu ya mwanamke, chini, halafu inapanda: *Usifunge mlango, bado niko njiani.* Kwenye neno "njiani" inafika do ya juu na kukaa hapo, kisha kwaya nzima inaingia chini yake. Sauti hiyo moja ilikuwa ya mama. Alipofariki ikawa yangu.

Baba alizipokea zile karatasi. Alizipapasa, akafuata mstari mmoja kwa kidole kana kwamba angeweza kuusoma.

"Hapa inasemaje?"

"Nikupigie, Mwalimu?"

"Piga."

Nota za kwanza tu zilinifanya niinue kichwa. Wimbo ulikuwa uleule, mwendo uleule, lakini nilijisikia kama mtu aliyeingia chumbani kwake akakuta dirisha limehamishwa. Alipofika mstari wa pili nikaelewa.

Lilikuwa kosa langu. Karatasi niliyompa ilikuwa imeandikwa juu, pembeni, *Do ni G*, yaani kitufe cha piano ambacho do inaanzia. Niliipiga chapa mwenyewe, kama nilivyoipiga mara zisizo na idadi, nikinakili kutoka kwenye karatasi ya zamani. Kwetu herufi ile ilikuwa kama tarehe ya barua iliyokwisha kusomwa, hakuna aliyeiangalia. Do ilikuwa ni pale baba alipoanzia, na baba alianzia kooni mwake, bila filimbi wala chombo chochote. Lakini Mistari alikuwa mtu wa anwani. Alisoma anwani akaifuata.

Mama aliugua kifua miaka saba. Mwaka wa kwanza ile do ya juu ilianza kumkatikia. Baba hakusema kitu. Zoezi lililofuata alitoa do ya chini kidogo, mama akafika. Mwaka mwingine akaishusha tena kidogo. Kwaya ilishuka naye, besi wakanung'unika kwamba wanachimba kisima, lakini kwenye karatasi haikubadilika hata herufi moja, kwa sababu sol-fa haijali do inaanzia wapi. Wimbo uliteremka ngazi pamoja na mama, umemshika mkono, na hapakuwa na karatasi ya kuwashtaki.

Sasa ulikuwa umesimama tena pale juu ulipokuwa mama alipokuwa mzima.

"Acha," baba akasema.

Mistari hakusikia. Alikuwa anakaribia "njiani".

"Nimesema acha."

Aliondoa mikono. Baba alikuwa amesimama, ameshika mgongo wa kiti.

"Nani amekwambia uanzie hapo?"

"Karatasi, Mwalimu. Imeandikwa juu."

"Karatasi." Alilirudia neno hilo taratibu. "Miaka kumi na moja sijausikia wimbo huu ukiwa hapo. Miaka saba nilikuwa naushusha. Kidogo kidogo, ili asijue. Leo wewe umekuja na kalamu yako umenirudishia pale pa kwanza, kama vile ile miaka haikuwepo."

"Nisamehe, Mwalimu. Sikujua."

"Kosa ni langu, baba," nikasema. "Mimi ndiye niliyempa."

"Alijua," Shangazi akasema.

Baba aligeuka. "Nani alijua?"

"Wifi yangu. Alijua tangu ulipoanza." Shangazi alikuwa ameuweka mkoba wake pembeni, na sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe. "Aliniambia, 'Mdogo wako ananishushia wimbo, anadhani sisikii.' Akanikataza nisikwambie. Alisema ukijua kwamba anajua, utaona haya, na utaacha."

Baba alikaa chini. Alikaa kama mtu mzito, na alikuwa mwembamba sana wakati ule.

"Naweza kuuandika upya," Mistari akasema kwa upole. "Pale mnapoimbia sasa. Kesho mchana nitakuwa nimemaliza."

"Huyu hahitaji mpaka kesho." Baba alininyooshea mkono bila kunitazama. "Mwanangu, mwonyeshe."

Akatoa do. Ileile, ya chini, aliyoiacha mama.

Niliimba. Nota ya kwanza ya wimbo ule iko chini ya do, na pale chini sauti yangu ilikuwa haina kitu ila upepo na mikwaruzo. Nilikuwa nimezoea. Nilijua mahali pa kusukuma na mahali pa kudanganya. Mistari alikaa na mikono yake mapajani, hakupiga hata nota moja. Zilizokuwa mbele yake zilikuwa za mahali pengine. Nilipofika "njiani", baba aliingia na besi yake, akafumba macho, nasi tukaenda hivyo hadi mwisho wa ubeti.

Tulipomaliza, Mistari aligusa kitufe kimoja taratibu, kisha kingine, akitafuta.

"Vitufe vinne," alisema, kama anajisemea. "Mnaanzia vitufe vinne chini ya nilipoanzia mimi." Kisha akamtazama baba. "Mwalimu, niruhusu niseme jambo moja, hata kama litaniharibia."

"Sema."

"Hapo si pake."

"Nani?"

"Binti yako. Namsikia anapopiga chapa akidhani yuko peke yake. Anaimba juu. Hapa chini anajiumiza."

Nilitamani aniulize kwanza. Nilitamani pia awe ameshasema zamani. Baba alinitazama, na ilikuwa mara ya kwanza tangu mama afariki kunitazama hivyo nikiwa nimesimama mahali pale, mimi na si nafasi ya mama.

"Ni kweli anayosema?"

Niliinamia vitufe vya piano.

"Sauti yako wewe iko wapi?"

"Juu, baba."

"Juu wapi?"

Niliionyesha piano. "Pale alipopiga."

"Tangu lini?"

"Tangu siku zote."

"Na miaka minne hukuniambia."

"Ungeupandisha wimbo," nikasema. "Ungeupandisha, na mama angebaki kule chini peke yake."

Shangazi alitoa leso. Baba alinyanyuka akaenda dirishani, akasimama akitazama uwanja ambao haukuwa na mtu. Nilimtazama Mistari, naye alikuwa ananitazama, na katika ile hatua moja iliyokuwa kati yetu, mimi kando ya piano na yeye kwenye kibao chake, nilihisi Jumamosi ikiwa imeshakaa.

"Kijana," baba akasema, mgongo umetugeukia. "Wewe si mtu mbaya. Masikio unayo."

"Asante, Mwalimu."

"Jumamosi siwezi kukupa."

Kisha Shangazi akajaribu: "Mdogo wangu, sanduku langu..."

"Dada, sijasema hapana. Nimesema Jumamosi siwezi. Nikimtoa huyu keshokutwa nitakuwa nimewatoa wawili siku moja. Nipeni muda."

"Muda gani, Mwalimu?" Mistari aliuliza.

"Sijui."

"Mwezi? Mwaka?"

"Ningejua ningekwambia. Sijui."

Mistari alizikusanya karatasi zake, akazisawazisha kwa viganja. Nilidhani atabisha. Nilimjua, alikuwa mtu wa kutaka kila kitu kiwe na mahali pake, na hapa alikuwa amepewa siku isiyo na tarehe.

"Basi nitasubiri," akasema.

"Utasubiri ukiwa huko."

"Nitasubiri nikiwa huko."

"Na barua?" Shangazi akauliza.

"Barua si marufuku," baba akajibu, akatoka nje kupitia mlango wa nyuma. Tulisikia hatua zake zikizunguka ukumbi, zikasimama, zikaendelea.

Shangazi alituangalia mmoja mmoja. Kisha akahamisha benchi lake, akatupa mgongo na kuanza kuuchunguza ukuta.

"Rangi hii imepigwa vibaya," aliuambia ukuta. "Mimi nitakuwa naiangalia. Nina mengi ya kuiangalia."

Tukawa peke yetu kwa namna hiyo.

"Nimekuharibia," Mistari akasema.

"Hapana."

"Ningenyamaza angenipa Jumamosi."

"Ungenyamaza ningeondoka na ile sauti ya chini. Ungeioa hiyo."

Alicheka kidogo, bila furaha. "Ningeioa hata hiyo."

"Najua."

"Nilishamwambia dada atandike vitanda viwili." Aliigusa pembe ya karatasi. "Hizi nifanyeje? Nikuandikie za chini nikuachie, au nibebe hizi?"

"Beba hizi. Ukiupiga huo wimbo hapo ulipouweka, jua ndipo nilipo."

"Na hapa utakuwa wapi?"

"Hapa nitakuwa kazini."

Safari hii alicheka kweli, na kicheko kikamkatikia njiani. Alinyoosha mkono, akaishika ncha ya kidole changu, kilekile alichokipitisha kwenye vinundu, akakibonyeza kidogo, nukta moja, nukta ya pili, kama anayeandika kitu. Sikumuuliza ni nini. Nimejilaumu baadaye kwa kutokumuuliza, na siku nyingine nashukuru.

"Mmeshaagana?" ukuta ukauliza. "Maana rangi imekwisha."

Jumamosi saa mbili asubuhi, saa ya safari yake, nilikuwa stoo nikipiga chapa. Nilijiambia kwamba nikiwa na kazi mkononi saa itapita bila kunigusa. Nilipoitoa karatasi kwenye mashine nilikuta sauti ya tatu nimeiandika chini ya sauti ya nne, ukurasa mzima, tena kwenye nakala zote nne. Nikaikunja. Nikaketi kwenye boksi la chaki, upande uliobonyea, nikakaa hapo mpaka mwanga ulipohama kutoka mezani kwenda sakafuni.

Alasiri kulikuwa na zoezi. Sikutaka kwenda, ila kutokwenda kungekuwa kumwambia baba jambo ambalo sikutaka kumwambia. Wanakwaya walikuwa wameshajua. Wasichana wa sauti ya pili walinisogezea nafasi pana kuliko kawaida, kama wanavyomsogezea mtu anayetoka hospitalini. Besi mmoja aliuliza, "Mistari ameshaondoka?" mwenzake akampiga kiwiko.

Baba aliingia akiwa amenyoa. Alifundisha nyimbo mbili, akamkemea mtu wa sauti ya tatu kwa kuchelewa kuingia, akasahihisha pumzi za kila mmoja. Kwangu hakusema neno. Tangu Alhamisi tulikuwa tunasalimiana tu, na tukila, kila mmoja alikuwa anatazama sahani yake.

"Wimbo wa mlango," akasema.

Nilitoka mbele kidogo, kama kawaida. Nililegeza shingo na kuliandaa koo langu kwa kule chini, kwenye upepo na mikwaruzo. Piano ilikuwa imefunikwa. Nilijikataza kuitazama.

Baba alikohoa, akafumba macho, akatoa do.

Nilifungua mdomo, nikaufunga.

Haikuwa ile. Ilikuwa juu yake, kidogo sana. Kwa upana wa kitufe kimoja, si zaidi, na mtu ambaye hakuwa ameuimba wimbo ule kila wiki kwa miaka minne asingejua. Nyuma yangu nilisikia kwaya ikisitasita, mtu akivuta pumzi halafu akiirudisha. Baba alibaki amefumba macho. Alikuwa ameishikilia ile do, na sauti yake ilitetemeka pembeni, kama ya mtu anayenyanyua kitu kutoka mahali alipokiweka mwenyewe na hataki kukinyanyua chote mara moja.

Akaitoa tena, ileile, ili nisidhani amekosea.

Nikaanza. Ile nota ya chini, iliyokuwa ikinikwaruza siku zote, ilinipokea kidogo. *Usifunge mlango.* Nilikuwa nalia, lakini sauti haikujua. Nilipopanda kuelekea "njiani" nilimwona baba akinisikiliza, ameinamisha kichwa upande mmoja, na alipofika mahali pa besi yake kuingia hakuingia. Aliniacha niifikie do ya juu peke yangu.

Vitufe vilikuwa vinne. Nikaishika ile nota kwa pumzi yote niliyokuwa nayo, na ndani ya pumzi hiyo nikahesabu vilivyobaki.